Mwenye Sura Yangu Hakuitikia Shikamoo

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, niamkieni kwanza. Hata kimoyomoyo inatosha. Haya, marahaba. Mmeona nimeitikia? Likumbukeni hilo, maana habari yote imelala hapo.

Ninayoyaandika yalinipata mimi mwenyewe, si jirani yangu, si shoga yangu wa kanisani. Nimesoma hadi darasa la tatu tu, kutunga sijui. Anayetaka kucheka acheke, lakini asome mpaka mwisho ndipo acheke.

Naishi karibu na Misigiri na mjukuu wangu Rehema, ambaye amemaliza kidato cha nne na sasa tunalima naye. Asubuhi moja aliamka, akaniamkia kama kawaida, nikamwitikia. Ndipo akachukua simu yake ya kupangusa, akaanza kunipiga video nikiwa uani napepeta ulezi. Nilikuwa nimejifunga kitenge changu cha bluu chenye kanga weupe, wale ndege. Kuku wakaja kudokoa, nikawafokea: "Kishi! Kishi! Nyie hamna adabu?" Video ndiyo hiyo, hakuna kingine. Ilinionyesha kuanzia kiunoni kwenda juu, ungo unapanda, ungo unashuka. Akairusha mtandaoni.

"Bibi, umekuwa staa," akaniambia jioni. "Watu wanakupenda hao!"

"Wananipenda, wamenilimia shamba gani?"

Akacheka, na mimi nikalala zangu. Ningejua, ningeitupa ile simu kwenye pipa la maji.

Ikapita miezi. Alizeti ikakauka mashambani, vichwa vimeinama, upepo wetu wa huku ukaanza ule uvumaji wake usiomwacha mtu asikie vizuri. Mchana mmoja pikipiki ikaingia uani. Dereva alikuwa Shabani, wa pale kituoni, namjua tangu ananyonya. Nyuma yake ameketi mwanamke kijana amepakata mtoto wa kike.

"Shikamoo bibi. Nimekuletea mgeni wako."

"Marahaba. Mgeni wangu yupi? Sijaalika mtu."

Yule mwanamke akashuka, akapiga magoti pale pale kwenye vumbi. "Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Inuka, utachafua nguo. Unatoka wapi?"

"Mwankoko, kule Singida mjini. Mimi ndiye Zuhura." Akanitazama, akisubiri nifurahi. Alipoona sifurahi akasema, "Bibi, si wewe uliniambia nije?"

Nikaona kachanganyikiwa, nikataka atulie, nikamtania kwa kabila lake. "Mnyaturu gani huyu anakwenda kwa bibi bila hata kuku?"

Hakucheka. "Kuku mweusi ulisema nimfunge kule kwenye jiwe, na mimi nikusubiri hapo hapo. Nimesubiri mpaka jua linamchoma mtoto. Ndipo nikarudi barabarani, nikamwonyesha huyu kaka picha yako, akasema kwako anapajua."

Jamani! Jiwe analosema nalijua. Ni lile kubwa lililo katikati ya mashamba ya alizeti, kwenye njia ya mkato.

Shabani akaenda zake kutafuta abiria. Zuhura akaifungua simu yake. Nini nilichokiona? Uso wangu. Kitenge changu cha kanga weupe. Chini yake wameandika kwamba huyu bibi hupepeta maradhi, kwamba mtoto mwenye kifafa akipepetwa naye haanguki tena. Na watu chungu nzima wameandika "shikamoo bibi, nisaidie." Kisha akagusa mahali, na mimi nikaongea.

"Wee mwanangu," nikasema mle ndani ya simu, "hizo dawa za hospitali ndizo zinazomfunga mtoto. Zitupe. Kishi! Kishi! Mlete kwangu nimpepete."

Akanifungulia na nyingine, zinazoanza "Sema, mwanangu." Niaminini, ilikuwa sauti yangu. Mkwaruzo ni wangu, ukali ni wangu. Rehema alishika mdomo. "Bibi, hiyo kishi kishi ni ya kwenye video yangu! Dada, hawa ni matapeli. Wamechukua sura ya bibi na sauti yake, wanawalaghai watu."

Mimi sikuwa na habari na matapeli. Nilikuwa namtazama mtoto. "Huyu anaitwa nani?"

"Saida."

"Na dawa zake?"

"Nimezitupa chooni, bibi. Ulisema..." Akaishia hapo, akanitazama usoni.

"Ameanguka mara ngapi tangu uzitupe?"

"Jana. Na leo alfajiri, mara mbili."

Nilimfokea, siwezi kuficha. Fedha aliyokuwa amewatumia hao matapeli sitaitaja hapa ni kiasi gani, fedha hutafutwa. Mtoto hatafutwi. Nikamwambia inuka sasa hivi twende zahanati. Je, mnadhani aliinuka? Alirudi nyuma, amemkumbatia mtoto.

"Bibi, mbona umegeuka? Kwenye simu ulikuwa unaniita mwanangu. Tangu mama yangu afe hakuna aliyeongea na mimi hivyo."

Hilo ndilo lililonichoma. Mimi nimesimama mbele yake na jasho langu, na yeye analia kwa ajili ya yule wa kwenye simu.

Pale pale Saida akakakamaa. Macho yakapanda, mikono ikaanza kurukaruka, povu likatoka. Tukamlaza ubavu, nikawakataza wasimtie kijiko mdomoni. Alipotulia alikuwa mlegevu kama nguo iliyolowa. Rehema akapiga simu ya Shabani, haipatikani. Nikamwambia kimbia barabara kubwa utafute pikipiki yoyote, mtukute njiani. Mimi nikajifungua kitenge changu, nikamfunga mtoto mgongoni, nikabaki na gauni. Nikamshika Zuhura mkono tukashika njia ya mkato. Alasiri ilikuwa imeingia, jua bado lipo. Hakuna giza la kusingizia.

Tulipolikaribia jiwe, simu ya Zuhura ikalia mlio mmoja mfupi. Akaitazama. Sauti yangu ikasema, "Uko wapi mwanangu? Nakuona."

Akasimama. Nikamvuta, akakataa. Ndipo nikasikia maneno yale yale, lakini sasa hayakutoka kwenye simu.

"Nakuona, mwanangu."

Nilitazama kwenye jiwe. Mwenzenu, nimezika mume, nimezika watoto wawili, sikuwahi kuogopa kama siku ile. Nyuma ya jiwe nilikuwa nimesimama mimi. Jiwe lilimficha kuanzia kiunoni kwenda chini. Alikuwa amejifunga kitenge cha bluu chenye kanga weupe. Kitenge hicho kilikuwa mgongoni mwangu kimembeba mtoto, nikakigusa kwa mkono nihakikishe kipo, na kilikuwa kule vilevile. Mikono yake ilikuwa inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, kama ya mtu anayepepeta. Ungo hakuwa nao.

"Huyo aliyembeba mtoto ni tapeli," akasema. "Ameiba sura yangu. Kishi! Kishi! Mlete hapa nimpepete."

Hakukuwa na kuku wa kufukuzwa. Kulikuwa na yule mweusi mmoja tu, amefungwa chini ya jiwe, na alikuwa ameshakaa kimya.

Sasa niulizeni, mlitaka nifanye nini? Nionyeshe kitambulisho? Kiko sandukuni. Niseme mimi ndiye mimi? Na yeye alikuwa anasema hivyo hivyo, kwa mdomo huo huo. Zuhura alitazama kule, akanitazama mimi, kisha akarukia mgongo wangu na kuanza kufungua fundo la kitenge. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. "Nipe mwanangu! Nipe mwanangu!" Nikalishika fundo kwa mikono miwili. Alikuwa na nguvu kuliko mimi. Nililisikia likilegea, na mtoto akaanza kuteleza.

Hapo ndipo Mungu alinikumbusha. Katika sauti zote alizonifungulia Zuhura, katika watu wote waliomwandikia yule bibi shikamoo, hakuna hata mmoja aliyeitikiwa. Huambiwa tu, "Sema, mwanangu." Huku kwetu nani huacha shikamoo ya mtu ikianguka chini? Hata mlevi huitikia. Hata mgonjwa anayekata roho hunyanyua kidole. Na Rehema aliniamkia kabla ya kufungua ile kamera. Walioiba sauti yangu waliikuta marahaba imeshatoka, haimo kwenye video.

"Zuhura!" nikamwambia. "Tusalimie. Sote wawili. Anza na yule."

"Nini?"

"Huna adabu? Mama yako hakukufundisha kuamkia? Msalimie!"

Nadhani ni ule ukali uliomfanya atii. Msichana aliyelelewa husalimia hata akiwa anakufa. Akageukia jiwe. "Shikamoo bibi."

Upepo ukavuma. Mikono ile ikapanda, ikashuka.

"Sema, mwanangu."

"Shikamoo bibi," akarudia, kwa sauti kubwa.

"Sema, mwanangu. Kishi! Sema, mwanangu."

Zuhura akanigeukia. Uso wake sitausahau. Alitaka nishindwe na alitaka nishinde, yote kwa pamoja. "Shikamoo," akasema, polepole kama mtoto anayejifunza.

"Marahaba, mwanangu," nikajibu. "Marahaba. Marahaba kabisa."

Akaliachia fundo. Akalikaza yeye mwenyewe kwa mikono yake, akamweka mtoto sawa, tukakimbia. Mimi mzee huyu nilikimbia. Nyuma yetu sauti yangu ilituandama katika alizeti, haipandi wala haishuki, "sema, mwanangu, sema, mwanangu," mpaka tulipotokea barabarani na kumkuta Rehema na pikipiki. Rehema hakusikia kitu. Alisikia upepo.

Pale zahanati mtoto alipigwa sindano, kisha gari likampeleka hospitali. Daktari alisema mngelala naye leo, kesho mngekuwa mnachimba kaburi. Saida yu hai. Anameza dawa zake kila siku na amekua, haanguki tena. Lakini Zuhura ameniambia kuna nyakati mtoto akiwa usingizini mikono yake hupanda na kushuka, hupanda na kushuka. Akimwamsha, huacha. Anayejua sababu asiniambie.

Kesho yake Shabani na Rehema walikwenda kwenye jiwe. Kuku hakuwepo, kamba ilikuwepo na fundo lake. Nyayo za mtu hawakuziona. Waliona makapi ya ulezi, mengi, mapya, yametapakaa nyuma ya jiwe. Mashamba yale ni ya alizeti. Nani alikwenda kupepetea ulezi pale?

Tulikwenda polisi pia, msidhani sisi ni wa kukaa tu. Afande alitusikiliza vizuri, akaandika. Alisema ni vijana wa mjini wenye kompyuta, huchukua sauti ya mtu wakaisemesha watakalo. Namwamini. Wapo vijana hao na siku moja watashikwa. Lakini aliyekuwa nyuma ya jiwe hakuwa na kompyuta. Labda ukimwita mtu asiyekuwepo kwa jina na kwa sura, tena watu wengi wakamwamkia kila siku na kumlilia, hufika siku akaja.

Rehema alipambana na ule ukurasa mpaka ukafutwa. Ukaota mwingine, jina jipya, uso ule ule. Mpaka leo huja watu hapa na watoto wao, wengine kutoka mbali, Nduguti huko. Nawakaribisha maji, nawauliza dawa ziko wapi, nawarudisha hospitali. Wengine huniambia kwamba wamenipita njiani na sikuwaitikia. Siku hizi nikiamkiwa najibu kwa sauti kubwa mpaka majirani wanasema bibi ameanza kuwa kiziwi. Waache waseme.

Basi vijana, sauti si mtu. Picha si mtu. Mtu wa kwenye simu akikwambia ni mama yako, ni kaka yako, ni mchungaji au shehe wako, na anataka utupe dawa, ufiche siri, umfuate mahali, nenda kamtazame kwa macho yako kwanza. Ukiona aibu kumuuliza, utaona mengine.

Nyumbani kwangu nimeshatoa amri, na Rehema ameirudia mbele yangu mpaka imemkaa. Hakuna jambo lolote la simuni kufanywa mpaka mhusika ameamkiwa ana kwa ana na ameitikia kwa kinywa chake. Na siku nitakapokuwa nimezikwa, mkisikia sauti yangu mlangoni inawaita kwa majina yenu, niamkieni mkiwa ndani. Nisipoitikia marahaba, hata nikilia, msinifungulie.