Bunduki Ilale Nyumba Gani

Wiki iliyopita nilikuwa kwa fundi wa nguo mjini Migori, nikingoja sketi ipindwe, fundi akachukua kile kikopo chenye mdomo mrefu na mwembamba akaidondoshea cherehani yake mafuta. Harufu iliponifikia puani nilisimama, na wala sikuwa nimeamua kusimama. Fundi akaniuliza kama nimechoka kungoja. Nikamwambia ndiyo, maana ningeanzia wapi kumweleza kwamba kwangu mimi mafuta ya cherehani hunukia bunduki?

Wewe msomaji nitakueleza, mradi uvumilie, kwa sababu hata sasa nikikumbuka mambo haya sikaliki.

Mama yangu alikuwa fundi cherehani, na ndiyo sababu nyumba yetu peke yake pale bomani ilikuwa na sakafu ya simiti. Cherehani ya kukanyaga haitulii kwenye udongo. Inacheza, inachimba, mwishowe sindano inavunjika. Basi Baba alimmwagia Mama simiti apate kushona sare za shule. Boma lilikuwa nje kidogo ya Rodi Kopany, na lilikuwa na nyumba mbili. Ile iliyotazamana na lango ilikuwa ya mikayi, ndivyo sisi Waluo tunavyomwita mke wa kwanza. Watu walimwita Nyar Kosele, yaani binti wa Kosele, kwa kuwa kwetu mwanamke hubaki na jina la alikotoka hata azeeke vipi. Wanawe walikuwa watu wazima, wametawanyika Nairobi na Mombasa, naye alilala peke yake. Nyumba ya pili, upande wa kulia, ilikuwa yetu: Mama na watoto wanne. Mimi nilikuwa mkubwa wao, niko darasa la nne, mtoto ambaye Mama alisema alizaliwa na siafu ndani ya sketi.

Baba alikuwa mchuuzi wa ng'ombe. Alinunua kwenye minada ya mpakani, upande wa Kuria, akauza Rodi na Homa Bay. Akiwa nyumbani alilala kwa zamu, leo kwetu, kesho kwa Nyar Kosele. Hakuna kitu nilichokitaka duniani kama Baba kulala kwetu. Akiwa kwetu alisimulia vituko vya mnadani, akaiga sauti za madalali, na Mama akacheka hadi akaweka kitambaa chini. Akiwa ng'ambo ya ua nilikuwa nikisikia kikohozi chake tu, na kikohozi cha baba si baba.

Mwaka ule Brazili walipochukua Kombe la Dunia, wezi wa mifugo walifika hadi kwetu. Mwanzo zilikuwa habari za mbali. Kisha jirani yetu wa ng'ambo ya kijito akaamka akakuta zizi limebaki samadi tupu. Baba alishinda kutwa akilizunguka zizi letu. Kesho yake akatangaza kwamba anataka bunduki. Si ya magendo, alisema, ya halali, yenye kibali cha polisi: shotigani, ile inayorusha marisau, chembechembe nyingi kwa mlio mmoja, ambayo hata mtu asiye na shabaha anaweza kuwatimua watu nayo. "Tahadhari kabla ya hatari," akasema, na tangu siku hiyo nyumbani kwetu hakuna aliyetulia.

Abdalla, Mwislamu kutoka pwani aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi pale Rodi, ndiye aliyemletea Baba kurasa za picha kutoka duka la bunduki la Nairobi. Alikuwa na bunduki yake mwenyewe, kwa hiyo neno lake lilikuwa na uzito. Kurasa zile zilipita mikono yetu sote hadi kingo zikalainika kama kitambaa. Mimi nilikwisha kuchagua kabla hata Baba hajavaa miwani: ile ya mitutu miwili, yenye bata aliyechorwa ubavuni. Nilikwenda kuitazama asubuhi, nikaitazama nikitoka shule, nikalala nikiiwaza. Baba naye alikuwa akiigeukia hiyo hiyo, lakini kila akifika kwenye bei alikuwa akikuna shingo.

"Ndugu yangu," Abdalla alimwambia, "bunduki ya kwanza ni kama mke wa kwanza. Usitazame urembo. Tazama ile ukiiweka begani inakaa."

Baba aliyapenda maneno hayo akaja kuyarudia nyumbani, kwa bahati mbaya Nyar Kosele akiwa karibu. "Na mke wa pili je," akauliza, "yeye ni kama nini?" Baba akaomba chai.

Kulikuwa na njia ya mkato. Mzee mmoja wa Homa Bay, aliyekuwa na kinu cha kusaga nafaka, alikuwa akihamia kwa watoto wake ng'ambo na alitaka kuuza shotigani yake ya mitutu miwili kwa nusu ya bei ya dukani. Baba alikwenda kuiona akarudi uso unang'aa. Mimi nikaanza kuruka ua mzima. Nyar Kosele akaacha kupepeta mtama.

"Bunduki iliyotumika. Unajua ilimla nani?"

Kwetu, mtu aliyeua hatakiwi kuingia bomani kabla hajatakaswa. Basi bunduki nayo, aliuliza, nani aliitakasa? Baba akasema ilikuwa ya kuwindia bata tu.

"Bata ndio walikuambia?"

Hapo mjadala ukaisha. Ingenunuliwa mpya, ambayo haijalia juu ya mtu. Baba akauza mafahali wake wawili waliokuwa wazuri kuliko wote, na pesa zikakaribia bei ya ile yenye bata. Nikashindwa kula. Nilikuwa nikikimbilia langoni kila niliposikia baiskeli, maana tulikuwa tumeambiwa kwamba kabla ya kibali kutoka, afisa wa polisi angekuja kukagua mahali ambapo bunduki ingehifadhiwa.

Alikuja adhuhuri moja ya jua kali, mtu mrefu, mgeni kwetu, asiyejua Kijaluo hata cha kuombea maji. Alieleza kwamba bunduki hukaa ndani ya kasha la chuma, na kasha hufungwa kwa bolti kwenye sakafu ngumu, isiwe mtu wa kulibeba. Akaingia nyumba ya Nyar Kosele, akatazama chini, akatoka. Akaingia kwetu, akapiga simiti kwa kisigino cha buti.

"Hapa ni sawa kabisa," akasema. "Kasha liwe hapa, nyuma ya cherehani."

Nilitaka kupiga vigelegele. Akilini mwangu hesabu ilikuwa nyepesi: mwanamume hufuata bunduki yake. Ikilala kwetu, Baba naye atalala kwetu, siku zote. Nikamgeukia Mama tufurahi pamoja. Mama alikuwa amesimama kando ya cherehani, nusu ya sare mkononi, midomo mikavu.

Ndipo Nyar Kosele akatokea mlangoni. Alikuwa amejifunga kile kitambaa chake cha kichwa cha kwendea kanisani.

"Afande, hapa hapana."

"Kwa nini, mama?"

"Mimi ndio mikayi. Kitu ya mwenye boma inalala kwa nyumba ya mikayi. Mkuki ya baba yake ililala kwa mikayi. Hii bunde ni nini? Ni mkuki ya Mzungu tu."

Afisa akacheka. "Lakini kwako ni udongo, mama. Mwizi ataling'oa kasha kama muhogo."

"Simiti si iko Rodi? Yeye anunue." Akamgeukia Baba, akasema kwa Kijaluo, taratibu: "Ama unataka kuleta chira hapa?"

Chira ni balaa linalomfuata anayevunja miiko ya nyumba, na mchuuzi wa ng'ombe, mtu wa bahati nasibu, haichezei chira. Baba alimtazama Mama, naona alitaka msaada. Mama akainama kuokota pini ambazo hazikuwa zimeanguka. Afisa akafunga daftari akasema yeye hana neno, mradi sakafu iwe ngumu.

Nilimchukia Nyar Kosele siku ile. Nasema waziwazi, nilimchukia. Niliona ni wivu mtupu, mwanamke ambaye hakuwa hata na mtoto wa kulala naye, anataka bunduki na anataka mume, na juu yake anataka simiti. Nilienda nyuma ya choo nikapiga teke ukuta hadi kidole kikavimba.

Mifuko ya simiti ikaja kutoka kwa Abdalla. Mchanga ukaja. Fundi akaja, akasawazisha, akamwagia maji siku baada ya siku, na mimi nikisimama mlangoni nikiutazama mtutu wa pili wa bunduki yetu ukikauka chini pale. Pesa zilizobaki hazingemfikia tena yule bata. Baba alipotoka Nairobi alikuwa na ile ya bei nafuu kuliko zote mpya: mtutu mmoja, mti mwekundu usio na nakshi, inayokunjwa katikati na kutiwa risasi moja, basi.

"Imetoka Brazili," alisema kabla hatujamuuliza. "Watu waliochukua kombe hawawezi kutengeneza kitu kibaya." Halafu, alipoona nyuso zetu, akaongeza, "Nusu shari kuliko shari kamili."

Akaja kuipangusia kwenye baraza yetu, kwa vipande vya sare vilivyobaki na mafuta ya cherehani ya Mama. Ilikuwa mpya hata kufunguka ilisita. Nilichuchumaa karibu kabisa, nikivuta ile harufu, nikatumaini atasahau kuondoka. Alipomaliza akaibeba akavuka ua, akaifungia kwenye kasha, na funguo akazivaa kiunoni.

Kilichofuata kilituaibisha wote. Nyar Kosele aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni Rodi, na kuanzia wiki ile hakuuza omena bila kuuza na habari. "Mimi siku hizi nalala na askari wa chuma," aliwaambia wateja. "Kwangu, si kwingine. Nyumba ile inayotazama lango." Akawaambia wanawake wa kanisani, makondakta, wachunga punda. Mtu akimkanyaga kwenye foleni ya maji alimwuliza kama hajasikia kilicho chini ya paa lake.

"Mama Odhiambo," Baba alimsihi, akimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, "kitu kama hiki hakitangazwi."

"Nani anatangaza? Mimi naongea tu."

Waligombana kwa sababu hiyo, na kwa wiki kadhaa Baba alilala kwetu hata zisipokuwa zamu zetu. Nilikuwa nimepata nilichokitaka. Ila Baba hakusimulia chochote. Aligeuka na kugeuka kitandani, akaamka kuchungulia, akalala, akaamka.

Walikuja wakati wa mvua, Baba akiwa Migori kununua ng'ombe. Hawakugusa zizi. Nilisikia miguu kwenye tope ikipita mbele ya mlango wetu, karibu kiasi kwamba nilisikia mtu akipumua, na Mama alikuwa amemziba mdomo kitindamimba wetu. Miguu haikusimama. Ilikwenda moja kwa moja hadi kwa Nyar Kosele. Tukasikia mlango ukivunjwa, kisha chuma kikipigwa, na sauti za wanaume zikidai funguo. Kisha nduru yake. Sijawahi kusikia nduru kama ile. Majirani wakaitikia kutoka kila upande, na wale watu wakakimbia.

Kulipokucha tulimkuta ameketi, mkono wa kushoto umefungwa leso iliyolowa damu, akiagiza majirani wapikiwe chai. Kasha lilikuwa limepinda pembe moja lakini simiti haikuliachia. Mkono haukunyooka tena vizuri. Baba aliporudi aliutazama mkono ule, akaitoa bunduki, akaipeleka kituoni mwenyewe, na hakutaka nyingine maisha yake yote.

"Mdomo uliponza kichwa," watu wa Rodi walisema, na mimi nilisema nao. Niliona kwamba hata methali ilikuwa imemngoja.

Nyar Kosele alifariki mwaka juzi. Nilihudhuria mazishi, nikasaidia kupika, machozi yakanitoka kidogo kama inavyostahili. Siku chache baadaye nilikaa na Mama tukimenya njugu, watoto wangu wakitupigia kelele, nikasema kwa mzaha kwamba sasa boma litakuwa kimya, mwenye majivuno ya bunduki ameondoka.

Mama hakucheka. Alisema kwamba siku moja kabla ya yule afisa kuja, alikwenda jikoni kwa Nyar Kosele akalia. Kila mtu alijua kwamba wezi wakisikia kuna bunduki, huacha ng'ombe wakafuata bunduki. Na kila mtu aliweza kuona ni sakafu ipi polisi angeichagua. Hakuwa na ujasiri wa kumkatalia Baba, ambaye alikuwa ameshauza mafahali. Nyar Kosele alimpa maji akanawa uso. "Wewe nyamaza," akamwambia. "Acha mimi niwe mbaya."

"Sawa," nikasema, na sauti yangu haikuwa sawa. "Lakini sokoni? Kulikuwa na haja gani ya kutangaza vile?"

Mama alinitazama kama anavyotazamwa mtoto mzito wa kuelewa.

"Nilimwuliza hata mimi. Akasema, wakija, wasikosee mlango."

Njugu ziliniponyoka. Nilitoka nje nikatembea hadi langoni, nikarudi, nikatembea tena, nikiwa mama mzima wa watoto wawili, sijui niiweke wapi mikono yangu. Maisha yake yote nilimwamkia yule mwanamke kwa sababu nililazimishwa. Sasa nataka kumwamkia, na hayupo.