Darasa la Nne Juu ya Madungu

Mwaka ule nilifundisha darasa la nne, mtoto wa miezi saba mgongoni na hasira kifuani. Mwalimu mkuu alikuwa ameshaniambia kwamba tangu nijifungue kazi yangu imeshuka, na kwamba mkaguzi akija Alhamisi akakuta darasa hovyo, yeye mwenyewe atamwomba aniondoe. Nikamjibu kuwa mimi nipo, wasiokuwapo ni wanafunzi. Akaniambia ni watoro, niwachape.

Niwachape wapi? Walikuwa kwenye mashamba ya Katindiuka wanaamia ndege wasile mpunga. Mpunga ukitia maziwa, nyumba za mjini zinafungwa, watu wanahamia shambani, na watoto wanashinda juu ya madungu, vile vichanja virefu vya miti, wakipiga kelele na kurusha udongo. Mwambie mzazi achague kati ya hesabu na mpunga uone. Lakini mwalimu mkuu alikuwa mtu wa mbali, wali aliujua ukiwa kwenye sahani.

Jumatatu nikafunga ubao mdogo nyuma ya baiskeli nikawafuata. Madungu yalikuwa mbalimbali, hakuna aliyeuona ubao wangu, nikaulaza chini mtoto akaulalia. Nikasimama kwenye tuta katikati ya mashamba, nauliza kwa kelele, nao wanajibu kwa kelele zaidi. Saba mara nane? Hamsini na sita! Ndege wakaruka kundi zima. Kufika Jumatano bibi mmoja mwenye shamba akaniomba tuhamie kwenye tisa, maana majibu yake ni marefu na ndege wanakwenda mbali zaidi. Tukahamia. Sijawahi kufundisha kwa raha namna ile.

Alhamisi mkaguzi akakuta darasa tupu. Mwalimu mkuu akamleta mwenyewe shambani, mbio mbio, amwonyeshe ushahidi. Walifika soksi zao nyeupe zimekuwa za tope. Mkaguzi hakunisalimu. Alimtazama msichana aliyekuwa kwenye dungu la karibu, akamuuliza tisa mara kumi na mbili.

Alimuuliza mmoja, wakamjibu wote, kutoka pande zote za bonde. Mia moja na nane! Ndege wakainuka, mkaguzi akashika kofia yake. Akauliza tena, na tena, mpaka nikaona sasa anauliza kwa ajili ya ndege.

Hatimaye akageuka. "Mwalimu mkuu, umeniambia huyu mama hafundishi."

"Nilisema hayupo darasani, bwana."

"Na hili ni nini?"

Mwalimu mkuu akainama kufuta tope kwenye soksi. Mkaguzi akasema nibaki na darasa langu mpaka mtihani, na msimu wa ndege nifundishie huko huko.

Taarifa ya mkaguzi ilipokuja tulisomewa walimu wote. Ilimsifu mwalimu mkuu kwa busara ya kupeleka shule mashambani. Akanyoosha mkono anipongeze, anacheka. Nilikuwa nimeshika chaki na daftari la mahudhurio la darasa langu, mikono yote miwili imejaa. Sikuweka chini hata kimoja.