Upande wa Saba

Juzi binti yangu alitupa bikari mezani akicheka. "Mama, kumbe umbo la pande saba sawasawa halichoreki kwa bikari na rula! Mwalimu amesema hakuna anayeweza."

Nilishtuka, chai ikanimwagikia.

Nilikumbuka Sabato moja alasiri kule Nyacheki, nilipokuwa mtoto. Nyumba ilinukia ndizi zilizopikwa Ijumaa, maana Sabato kwetu hakuna kazi, na nyimbo zilisikika kutoka kanisani. Nilikuwa nimejificha chini ya meza nikichora umbo hilohilo. Pande sita nilizimudu, lakini ule wa saba ulikataa kabisa kukutana na wa kwanza. Nikajua Mungu ameniona nikifanya kazi siku yake. Nikaenda kuitupa bikari ya kaka yangu chooni, nikakaa nikisubiri jua lizame, Sabato iishe.

Kesho yake kaka alichapwa kwa kuipoteza. Mpaka leo sijamwambia.