Kifichashimo

Wifi yake aliyasingizia majani kifo cha mtoto, na mtaa mzima ukamwamini. Tangu siku hiyo majani yale yanaitwa kifichashimo, na mama wa mtoto, ambaye kazi yake ni kukata majani ya ng'ombe, huyauza sokoni akilitaja jina hilo kwa kinywa chake mwenyewe.

Jina lilianzia nyuma ya nyumba yao, kwenye shimo la maji ya mvua. Mtoto alikuwa na miaka mitatu, ameachiwa shangazi yake, ndiye huyo wifi. "Majani yalikuwa marefu, yakaficha shimo," aliwaambia waliomtoa mtoto akiwa ameshakufa. "Mimi ningeonaje?" Watu wakalia naye. Kaka yake, baba wa marehemu, akamshika mkono.

Lakini asubuhi ile mkata majani alikuwa ameyafyeka mwenyewe, mizigo mitatu. Yaliyobaki hata kifaranga asingejificha humo. Na mtoto alipotolewa, bati la kufunikia shimo aliliona kwa macho yake, limelazwa juu ya kuni za wifi zisilowe. Alipopata nguvu za kusema, bati lilikuwa limesharudishwa mahali pake. "Uchungu umemchanganya, maskini," wakasema.

Miaka kumi na sita sasa. Majani ya pale nyuma huyakata kabla hayajafika kifundo cha mguu, mvua inyeshe, jua liwake. Akichelewa siku mbili, husikia ndala ndogo zikipiga visigino, pwata, pwata, kuelekea kwenye shimo lililokwisha kufukiwa.

Juzi sokoni mfugaji mgeni alimuuliza, "Mama, kwa nini yanaitwa hivyo?"

Wifi alikuwa pembeni akichagua nyanya. "Si yanaficha mashimo, kaka. Ng'ombe wako akivunjika mguu usije ukasema hukuambiwa." Akacheka.

"Mwambie, wifi," mkata majani alisema taratibu, akikaza kamba ya mzigo. "Mwambie na bati lilikuwa wapi."

Wifi akaziweka nyanya chini. "Wifi yangu, mambo hayo bado tu?"

"Bado."

Wifi akaondoka bila kununua kitu.

Jina lenyewe halifutiki tena. Hata watoto wameshalizoea. Anachodai mkata majani ni maneno machache ya wifi yake, mbele ya kaka aliyemshika mkono: kwamba majani yalikuwa yamekatwa, na bati lilikuwa juu ya kuni. Hadi leo hajayasema.