Shina la Kitovu

Serikali ilipotuhamisha kutoka mlimani kwenda kijiji kipya, wenzangu walibeba milango na mitungi. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba na jembe, nikachimba mche mmoja wa mgomba, nikajitwika kichwani mpaka barabarani. Mume wangu akaniuliza, "Kwani huko tunakokwenda hakuna migomba?" Nikamwambia anyamaze, aswage mbuzi wake.

Mche ule niliutoa kwenye shina nilipozika kitovu cha mwanangu wa kwanza. Kwetu Ngara ndivyo tulivyofanya: kitovu cha mtoto kikidondoka, mama anakizika chini ya mgomba, na mgomba huo unakuwa wa mtoto. Katekista alitukataza, eti ni mambo ya kipagani. Tulimwitikia ndiyo, kisha tukaenda kuzika. Hata mkewe alizika, nilimwona kwa macho yangu.

Mgomba ulishika vizuri kijijini. Mwanangu naye akakua, akawa mrefu kuliko baba yake, mtu wa kuchekacheka. Vita ilipokuja, akaitwa pamoja na mgambo wenzake. Asubuhi ya kuondoka alipita kwenye mgomba wake, akaugonga kwa kiganja, akanitania, "Mama, usije ukauza mkungu wangu nikiwa vitani!" Nikamjibu, "Nenda zako, mlafi we." Hilo ndilo neno la mwisho nililomwambia.

Vita ilipokwisha alikuja kijana aliyekuwa pamoja naye vitani, mtoto wa jirani tuliyepakana naye mashamba. Akaniamkia shikamoo, akakaa, akasema bila kuzunguka kwamba mwanangu alipigwa risasi ng'ambo ya mpaka, na kwamba yeye na wenzake walimzika kando ya njia. Nikasema marahaba mara ya pili, ingawa nilikuwa nimeshaitikia. Kisha nikachukua jembe nikaenda kupalilia maharage. Watu walikuja kulia, nikawapikia. Mimi sikulia. Walisema najikaza, lakini hakukuwa na kitu cha kukaza. Mwili wote ulikuwa na ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Tangu siku hiyo nilipiga marufuku mtu yeyote kutia panga kwenye lile shina. Mkulima wa migomba anajua kanuni. Unaacha mama, mtoto na mjukuu, machipukizi mengine unayang'oa. Na mama akishatoa mkungu unamkata, mtoto apate nafasi. Mimi mwenyewe niliwafundisha mabinti wa watu kanuni hiyo, na waliokuwa na huruma ya kijinga niliwagombeza. Lakini pale sikuweza. Niliona nikikata hata chipukizi moja, nitakuwa nimekubali maneno ya yule kijana. Ndivyo nilivyofikiri, mimi niliyekomunika kanisani kila Jumapili.

Mwezi wa kumi na moja ulipofika, mume wangu alikuja na karatasi ya kuandika marehemu wetu, wasomwe kanisani kwenye misa ya wafu. Akauliza polepole, "Mama watoto, tumwandike?"

"Ukimwandika, utajipikia mwenyewe."

Hakumwandika. Mwaka uliofuata akauliza tena, nikamjibu vilevile. Alikuwa amezeeka ghafla, na sikumwonea huruma, nasema kweli. Hakuna aliyemwombea mtoto wake, kwa sababu yangu.

Mwaka wa tatu shina likawa kichaka. Migomba ilibanana, myembamba, mikungu yake imedumaa, haifai hata kuwapa mbuzi. Mvua ya upepo ikaangusha mitatu kwa mpigo mmoja. Asubuhi yake jirani, mama wa yule kijana, akasimama mpakani. Nilikuwa nimeacha kumsalimia tangu mwanawe arudi.

"Haya, jirani, hii ni migomba au pori? Chui akizaa humo tutamshtaki nani?"

"Wa kwako alirudi," nikamwambia. "Funga mdomo wako."

Nilidhani ataondoka, hakuondoka. Akasema, "Alirudi. Haongei, chakula hakimshuki, usiku anapiga kelele. Lakini alirudi, dada, na siwezi kuomba radhi kwa hilo." Akatazama ile migomba iliyolala. "Ila hili shina unaliua wewe."

Nikaenda kuchukua panga kwa hasira, si kwa imani. Nikapasua mgomba mmoja ulioanguka. Ndani ulikuwa mweusi, umetobolewa na wadudu kutoka chini mpaka kiunoni. Nikakata wa pili, nao vilevile. Nikaendelea. Nimewasikia watu wakishuhudia jinsi Mungu alivyosema nao. Mimi nilisikia panga tu. Lakini mahali fulani kati ya mgomba wa tano na wa sita nilikumbuka kwamba kila jioni nasali "utakalo lifanyike", na kwamba kwa miaka mitatu nilikuwa nikiyasema maneno hayo huku nimekunja ngumi. Nikaona aibu. Nikakata mpaka ikabaki mitatu: mama, mtoto na mjukuu.

Kati ya machipukizi niliyong'oa, moja lilikuwa safi, halina tundu. Nikampelekea jirani. Alilipokea kwa mikono miwili, akaenda kuchimba shimo.

Jioni nilimwambia mume wangu alete karatasi. Akaitoa ndani ya kitabu cha nyimbo. Ilikuwa karatasi ileile ya miaka yote. Wazazi wake walikuwapo, na wangu, na kichanga chetu kilichokufa kwa surua. Mstari wa mwisho ulikuwa umeandikwa kwa penseli, ukafutwa, ukaandikwa, ukafutwa tena, mpaka karatasi ikawa nyembamba na mwanga wa koroboi ukapita. Kumbe kila mwaka alimwandika kwanza, ndipo akaja kuniuliza.

"Mwandike kwa kalamu ya wino," nikasema.

Alijaribu, akashindwa herufi ya kwanza. Nikamshika mkono, tukaandika pamoja jina lote. Alilia yeye, mimi bado nilikuwa na ganzi. Lakini mkono wake ulikuwa wa moto, na niliusikia.