Nilivyoyahukumu Maji ya Mama Mkwe

Nilipokuwa na miaka ishirini na sita nilikuwa mtu mbaya sana wa kukaa naye meza moja. Nilikuwa na koti jeupe. Wenzangu walivaa yao maabara tu, wakitoka wanayavua. Mimi nililivaa kutoka chumba changu cha kupanga kule mtaa wa Tuwan mpaka katikati ya mji wa Kitale, mchana kweupe, ili hata wauza nyanya wajue kwamba hapa imepita sayansi.

Kazi yenyewe ilikuwa kupima ukungu wa maji. Unatikisa chupa iliyoletwa, unamimina maji kidogo kwenye kichupa cha kioo, unakipangusa kwa kitambaa laini, unakitia kwenye mashine na kufunika. Mashine inapitisha mwanga majini na kutoa namba. Namba ikipita tano, maji hayo si ya kunywa. Unarudia mara tatu, kwa sababu mara moja ni kubahatisha. Hiyo mara tatu niliwahubiria wenzangu mpaka wakawa wakiniona tu wanaingia mitini.

Wakati huo nilikuwa nimemchumbia msichana wa kijiji kimoja nje ya Bungoma. Mamake aliongoza kikundi cha akina mama waliokuwa wamejengea chemchemi: walibeba mawe kichwani, wakachanganya saruji, wakaweka bomba, ili waache maji ya mtoni, ambayo msimu wa mvua huwa na rangi ya chai ya maziwa. Kilichobaki ni karatasi ya maabara tu, ya kusema maji yanafaa kunywewa. Afisa wa afya wa upande wao akatuletea chupa, na jina la kijiji limeandikwa juu.

Mtu mwenye akili angempa mwenzake apime. Mimi nikasema hapana, leo ndiyo watu watajua mimi ni nani. Ilikuwa saa nne, nimetoka kunywa chai na mandazi mawili. Nikapima. Kumi na moja. Mkono ulitaka kurudia, nikaukataza. Kurudia si ni kumtafutia mama mkwe namba nzuri? Sheria ni msumeno, nikajiambia, na nikaandika kumi na moja kwa mwandiko wa kadi ya harusi.

Jioni nikampigia mchumba wangu simu nikamweleza, huku nikingoja sifa. "Namba ni namba," nikamwambia. "Hata yangekuwa maji ya mama yangu."

Akanijibu, "Sawa, daktari." Hakuna aliyewahi kuniita daktari, na sikupenda alivyolisema.

Karatasi yangu ilipomfikia afisa, chemchemi ikazungushiwa miiba, watu wasichote. Siku chache baadaye nikamuuliza mchumba wangu mamake amesemaje.

"Mama hajasema kitu," akanijibu. "Amechukua mtungi, ameenda mtoni."

Bado nilijiona shujaa.

Kisha asubuhi moja, yale maji safi kabisa tunayotumia kujaribia mashine, ambayo hayana budi kusoma karibu na sufuri, yakanisomea tisa. Nikaitukana mashine. Nikaizima, nikaiwasha, nikaipiga kofi ubavuni. Mama aliyekuwa akitusafishia maabara akaegemea fagio lake akanitazama.

"Si upanguse hiyo chupa kwanza," akasema. "Ina mafuta. Hata kutoka hapa naona vidole."

"Nimeipangusa."

"Na nini? Na hilo koti?"

Nikatazama pindo la koti langu. Haki ya Mungu, lilikuwa linang'aa. Kumbe kila saa nne, baada ya mandazi, nilikuwa napangusia vidole hapo, kisha kichupa nacho napangusia papo hapo, kwa sababu kitambaa laini kilikuwa mbali, hatua nne hivi. Mwanga wa mashine haujui kutofautisha tope na mafuta ya mandazi. Nikamwomba afisa wa afya chupa nyingine kutoka kwenye ile chemchemi. Ilipofika nikanawa mikono mpaka viwiko, nikapima mara tatu. Mbili. Mbili. Mbili.

Nikakaa kwenye stuli nikaona aibu ya kweli. Wale akina mama walikuwa wameteremka mtoni wiki tatu nzima kwa sababu ya mandazi yangu. Nikaandika barua kwamba kulikuwa na hitilafu ya mashine. Nikaisoma, ikanipendeza mno, nikaichana.

Nilipofika Bungoma na karatasi mpya, afisa, niliyekuwa nimemweleza kwa simu, alikuwa ameshaitoa miiba, lakini akaniambia akina mama wamekataa kurudi. Maji yakishaitwa machafu na mtu wa mashine, hawayanywi kwa neno la mtu mwingine. Niende nikaseme mwenyewe.

Hapo kukawa na shida nyingine. Wazazi wangu walitoka Mkoa wa Kati wakaja kulima Trans-Nzoia. Kwetu mama mkwe unampa mkono na kumpelekea sukari. Kwao mchumba wangu, mkwe na mama mkwe hawapeani mikono, hawatazamani, na njiani mmoja humpisha mwenzake. Basi nikasimamishwa nje ya jikoni, uso ukutani. Yeye alikuwa ndani na kikundi chake chote, na shangazi wa mchumba wangu akasimama mlangoni kupeleka maneno, ingawa tulikuwa tunasikiana vizuri kabisa.

"Mwambie mama maji yake ni mazuri," nikasema. "Makosa yalikuwa ya vidole vyangu. Vilikuwa na mafuta."

"Anasema ati vidole vyake vilikuwa na mafuta," shangazi akatangaza, mpaka majirani wakasikia.

"Mafuta ya nini?" sauti ikauliza kutoka ndani.

"Anauliza ya nini."

"Ya mandazi."

"Ya mandazi."

Mtu mmoja humo ndani akacheka, akanyamazishwa. Kisha mama mkwe akasema polepole, "Muulize, maji ya watu wengine huwa anayapima mara ngapi."

Sikungoja shangazi. "Mara tatu."

"Na yetu?"

"Mara moja. Niliogopa watu wataona nimempendelea."

Shangazi hakuyarudia hayo.

"Basi mwambie," mama mkwe akasema, "siku nyingine akiletewa maji yetu, ajifanye hajui ni ya nani."

Shangazi akafungua kinywa. Nikamwambia asijisumbue, nimesikia. Mitungi ikaanza kugongana, wakatoka mmoja mmoja wakapita nyuma yangu kuelekea chemchemi, na mimi nikabaki nimeutazama ukuta kama mkwe anavyotakiwa. Ulikuwa ukuta wa udongo tu, na sijawahi kukishukuru kitu kama nilivyoushukuru.