Mpiga Picha wa Sura Ambayo Bado Haijafika

Saa mbili asubuhi, Mama Picha anafunga pazia na chumba kizima cha picha, ndani ya kliniki ya upasuaji wa sura, kinageuka rangi ya maji ya kina kirefu. Mbele ya kitambaa cha buluu ameketi wifi yake, mke wa kaka yake. Hereni zimevuliwa, wanja umefutwa. Umbea tu ndio umebaki.

"Teremsha kidevu, wifi."

"Nikikiinua napendeza."

"Ndiyo maana nakwambia ukiteremshe."

Kwa miaka kumi na moja, mama huyu amewapiga picha watu wanaotaka kukazwa ngozi ya uso. Kisha, kwenye kompyuta, huwaonyesha sura watakayokuwa nayo uvimbe wa upasuaji ukishakwisha. Wapo wanaoikubali, na wapo wanaobeba mkoba wakaenda zao.

Mwaka wake wa kwanza alimwonea huruma bibi mmoja, akampiga picha kidevu kikiwa juu. Shingo ikatoka ndefu kama ya twiga, bila mkunjo hata mmoja. Miezi sita baada ya upasuaji, bibi akarudi na ile picha mkononi. "Huyu mmemficha wapi?"

Mama Picha anasema: "Mpaka leo namwota."

Daktari anaingia polepole, kama anayeogopa kuiamsha nyumba. Anamtaka wifi akae wima, kwani mtu akilala mashavu hukimbilia masikioni yakamdanganya mpasuaji. Analivuta shavu kwa vidole viwili, analiachia, analilinganisha na picha ya ujanani aliyokuja nayo wifi.

"Halijapotea, mama, limeshuka tu. Tutalipandisha. Ila mikunjo hii ya mdomoni itapungua, haitafutika."

Kwenye skrini, Mama Picha analisukuma shavu taratibu, kama anayempandishia shuka mtoto aliyelala. Milimita nne. Anaachia hapo.

"Ongeza, wifi! Uchoyo wa nini, na sura si yako?"

"Nikiongeza, kaka atadhani nimemtafutia mke wa pili."

Wifi anacheka. Fomu ya ridhaa iko mezani. Akitaka kughairi, ni sasa, kisu kikiwa bado kabatini. Anaitazama ile sura ya kwenye skrini kwa muda mrefu, na mikunjo yake ya kucheka.

"Huyu ni mimi," anasema hatimaye, "nikiwa nimelala vizuri. Nipe kalamu."

Mwaka ukiisha, Mama Picha amepanga kumketisha tena hapo, kidevu chini, aiweke picha mpya kando ya ile ya kompyuta.

"Nitamwita kaka aseme ipi ya kompyuta, ipi ya mkewe. Akishindwa kuzitofautisha, siku hiyo nitalala bila kumwota yule bibi."